Picha Unayoiona Ukifumba Macho

Hebu fanya jambo dogo kabla hujaendelea kusoma. Fikiria umeshika ndimu mbichi mkononi. Inuse. Ikate katikati kwa kisu kikali, uone maji yake yakichuruzika vidoleni, kisha uweke kipande kimoja ulimini. Je, mdomo haukujaa mate? Ndimu haipo, na kisu bado kimo kabatini, lakini tezi za mate zimefanya kazi kana kwamba vyote viko mbele yako.

Mimi ni muuguzi, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimeliona jambo hili wodini katika sura nyingi. Mama anakuja kupimwa presha, na kabla sijamfunga kile kitambaa mkononi moyo unamwenda mbio, kwa sababu akilini ameshaliona jeneza la mama yake aliyekufa kwa kiharusi. Mtoto analia machozi ya kweli kwa sindano ambayo bado haijatolewa kwenye pakiti. Mgonjwa wa saratani anatapika akifika tu getini mwa hospitali, na dawa bado hajapewa. Ameiona na kuinusa akilini, na tumbo limetii. Basi niliwahi kujiuliza: kama picha mbaya ina nguvu ya kumtapisha mtu, je, picha njema haina nguvu yoyote?

Sikulifuatilia swali hilo mpaka siku nilipolazwa mimi.

Ndoo yenye tundu

Mwaka 2014 nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye kizazi. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Siku ya tano nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba baada ya wiki sita nitakuwa kazini. Wiki ya tatu kidonda kikaachia upande mmoja na kuanza kutoa maji. Nilijisafisha mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Nikapimwa sukari, ilikuwa sawa. Nikapimwa damu, ilikuwa pungufu kidogo, nikapewa vidonge. Nikala maharage, mchicha na mayai. Lakini usingizi haukupatikana. Saa nane za usiku nilikuwa macho, natazama dari, meno nimeyauma mpaka asubuhi taya zikawa zinaniuma.

Wenzangu wa umoja wa wanawake kanisani walikuja kuniona. Waliomba, wakaimba, wakaacha sukari na sabuni, wakaondoka. Mmoja wao alibaki. Alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye baada ya kustaafu alisomea unasihi. Hakuniuliza habari ya kidonda. Aliniambia, “Fumba macho, mama. Huo uzito unaokunyima usingizi, kama ungekuwa kitu, ungekuwa kitu gani?”

Nilitaka kucheka. Nina stashahada ya uuguzi na mshono uliofumuka, na huyu mama ananichezesha michezo ya watoto! Lakini nilifumba macho kwa heshima yake, na picha ikaja yenyewe kabla sijaitafuta. Nilijiona niko bombani, pale kijijini kwetu, nimekumbatia ndoo ya lita ishirini kifuani. Ndoo ina tundu chini, nami nimeliziba kwa kidole gumba. Nyuma yangu kuna foleni ndefu ya watu wenye vikombe. Siwezi kuitua, maana nikiondoa kidole maji yatamwagika yote, na kila mtu ataona kwamba ndoo yangu imetoboka.

“Na hilo tundu ni nini?” akauliza.

Nililia kwa muda mrefu. Miezi minane kabla ya hapo nilikuwa nimekopa fedha kwenye kikoba ili kumtoa mdogo wangu katika deni la biashara, na mume wangu hakujua. Kila mwezi nilikuwa nazungusha. Nachota hapa, naziba pale. Nilipolazwa mzunguko ukakatika, na tarehe ya marejesho ilikuwa inakaribia. Haya yote niliyajua, bila shaka. Deni si kitu ambacho mtu husahau. Nisichokijua ni kwamba lilikuwa limenishika mwili mzima kiasi kile. Nilidhani ninasumbuliwa na kidonda, kumbe hata nikiwa nimelala kitandani nilikuwa bado nimesimama bombani, kidole kimekaza.

Nilimweleza mume wangu Jumapili ile baada ya chakula. Siwafichi, haikuwa jioni nzuri. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza limebaki kiasi gani, tukakaa na daftari, tukaandika. Aliuza mbuzi wawili aliokuwa amewawekea mipango mingine, na hata leo akitaka kunichokoza huniuliza kama kuna ndoo nyingine inayovuja ili awahi mnadani. Usiku ule tulipofunga daftari nililala mpaka jogoo wakawika.

Je, picha ya ndoo ndiyo iliyoponya kidonda? La hasha. Kidonda kilipona kwa kusafishwa kila siku, kwa chakula, kwa dawa na kwa kupumzika. Lakini kule kupumzika kulianzia kwenye ndoo.

Mwili unasikia yaliyo akilini

Niliporudi kazini nilianza kusoma habari za mambo haya, na nilichokikuta kilinishangaza kidogo, kwa kuwa chuoni hatukufundishwa.

Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo The Lancet lilichapisha utafiti wa Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa huko Ohio, Marekani. Waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza nyumbani ndugu zao wenye ugonjwa wa kupoteza akili na kumbukumbu, na wanawake wengine 13 wa umri na kipato kinacholingana ambao hawakuwa na mzigo huo. Wote, kwa ridhaa yao, walitobolewa kidonda kidogo mkononi, upana wa milimita 3.5. Vidonda vya wale waliokuwa wakiuguza vilichelewa kupona kwa wastani wa siku 9. Siku tisa zaidi, kwa kidonda kinacholingana na punje ya mtama!

Niliposoma hayo niliwawazia akina mama ninaowafahamu: huyu ana mama mkwe aliyepooza, yule ana mtoto mwenye kifafa, mwingine ana mume mlevi ambaye kila usiku humsikilizia geti. Msongo wa mawazo unapokuwa wa kila siku, mwili humwaga homoni za hatari, adrenalini na kotisoli. Hizo zina kazi njema unapokimbizwa na mbwa. Zikikaa kwenye damu wiki baada ya wiki, zinazipunguza makali chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kusafisha kidonda na kuanzisha ukarabati.

Na mbwa huyo si lazima awe wa kweli. Mnamo miaka ya 1930 daktari mmoja wa Chicago, Edmund Jacobson, alipima misuli ya watu waliolala tuli. Alipowaambia wawaze tu kwamba wanakunja mkono, bila kuukunja, vipimo vilionyesha umeme mdogo ukipita katika misuli ya mkono huohuo. Miaka ya 1990 Stephen Kosslyn na wenzake walitumia mashine za kupiga picha ubongo, wakaona kwamba mtu anapowaza kitu akiwa amefumba macho, sehemu za nyuma ya ubongo zinazofanya kazi wakati wa kuona huamka pia. Kwa hiyo yule mama wa presha hajidekezi. Jeneza amelitazama kwelikweli, na mwili umeitika.

Majeruhi wa Pamplona

Nimewahi kuulizwa na mama mmoja katika semina, tena kwa ukali, kama kufumba macho na kutazama picha si mambo ya waganga. Swali lake ni la haki. Nilimkumbusha habari iliyo katika kitabu cha pili cha Samweli, nabii Nathani alipomwendea Daudi. Hakumgombeza. Alimchorea picha ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akaiona, akakasirika hasa, na ndipo akaonyeshwa kwamba anajitazama mwenyewe. Hotuba ya saa nzima isingefika pale picha ilipofika.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Inyasi wa Loyola. Mimi ni Mlutheri, wala sikumjua mpaka sista mmoja Mkatoliki niliyefanya naye kazi aliponisimulia. Mwaka 1521 huyu Inyasi alikuwa askari akiilinda ngome ya Pamplona, huko Hispania. Mzinga ukamvunja mguu. Mfupa uliungwa vibaya, ukavunjwa upya ili uungwe tena, na bado kipande cha mfupa kikachomoza chini ya goti. Aliomba kikatwe kwa msumeno, kwa sababu asingependeza katika buti zake. Hapakuwa na dawa ya ganzi. Kila nikilifikiria hilo natikisa kichwa. Wagonjwa wa namna hiyo ninao hata leo, watakaovumilia chochote kwa ajili ya sura.

Alilala miezi kitandani. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, havikuwepo. Akaletewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Basi siku nzima akawa anawaza picha za aina mbili. Katika moja alijiona shujaa akimtumikia bibi mmoja wa ukoo mkubwa, na anavyomsemesha kwa maneno matamu. Katika nyingine alijiona akitembea na kuishi kama wale watakatifu. Picha zote mbili zilimfurahisha alipokuwa nazo. Ila siku moja akagundua tofauti: ile ya kwanza ikishaondoka ilimwacha mkavu na mwenye kinyongo, lakini ile ya pili ilimwacha na furaha iliyodumu. Kugundua huko ndiko kulikogeuza maisha yake. Baadaye aliandika mwongozo wa mazoezi ya kiroho, uliokubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548, na ndani yake mwombaji hutakiwa aione mahali habari ilipotokea, asikie sauti, hata anuse.

Kipimo chake cha tofauti nimekichukua, na ninakitumia kuliko ninavyotumia kitu kingine chochote katika makala hii. Usijiulize tu picha fulani inakupendeza vipi ukiwa nayo. Jiulize imekuacha vipi ilipoondoka. Mama anayelala akiwaza jinsi atakavyomjibu wifi yake, neno kwa neno, mbele ya ukoo wote, anaona raha tupu. Asubuhi anaamka na kichwa kinauma.

Ukitaka kujaribu

Hakuna kifaa kinachohitajika isipokuwa dakika kumi ambazo hakuna mtu anakuita mama. Najua kwamba hizo ni adimu kuliko mafuta ya taa siku zile za foleni. Wengine huzipata alfajiri kabla ya kuwasha jiko, wengine kwenye daladala.

Kaa ukiwa umeegemea, miguu imekanyaga chini. Legeza taya kwanza, halafu mabega, maana hapo ndipo wanawake wengi huficha mambo yao. Vuta pumzi taratibu, na uitoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Sasa lielekee jambo linalokusumbua, liwe maumivu, hofu, au uchovu usioeleweka, na uliulize swali lile la mwalimu wangu: ungekuwa kitu, ungekuwa kitu gani? Usichague. Pokea kile kinachokuja kwanza hata kama ni cha kijinga. Mama mmoja aliona sufuria iliyoungua. Mwingine aliona mlango wa banda la kuku uliofungwa kwa kamba ya mkonge, akaniomba radhi kwa kuona kitu kisicho na maana. Tuliuacha huo mlango kwa siku tatu. Siku ya nne alisema, “Mimi ndiye niliyefunga kutoka ndani.” Hakunieleza zaidi, nami sikumuuliza.

Kisha tazama vizuri. Kitu hicho kina uzito gani, kina baridi au joto, kiko umbali gani nawe, nani mwingine yupo? Mwisho jiulize kitu hicho kinahitaji nini. Si wewe unahitaji nini, chenyewe. Mara nyingi jibu ni dogo sana: kutuliwa chini, kufunikwa, kupelekwa kwa fundi. Fumbua macho, taja kwa sauti vitu vitatu unavyoviona chumbani ili urudi kikamilifu, uandike mistari miwili katika daftari. Daftari hilo lifiche vizuri kuliko nilivyoficha deni langu.

Hayo ni kwa ajili ya kujitambua. Kwa ajili ya kutuliza maumivu njia ni rahisi zaidi: chagua mahali unapopajua palipowahi kukutuliza, uende huko kwa milango yote ya fahamu. Usitumie ufukwe uliouona kwenye kalenda. Tumia ukumbi wa nyumba ya bibi yako, harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, mkeka chini ya mgongo. Mtoto anayengoja sindano umwulize mbuzi wa babu wanafanana vipi, yupi ana pembe iliyopinda, na uendelee kumwuliza mpaka sindano itoke. Nimefanya hivyo mara nyingi sana kwenye chumba cha chanjo kwa watoto wakubwa. Wengine hulia vilevile.

Leba, na ndoto za kutisha

Katika wodi ya wazazi nimeona picha akilini zikisaidia, na nimeona pia zikitumiwa vibaya. Daktari wa Kiingereza Grantly Dick-Read, aliyeandika kitabu chake cha kwanza juu ya uzazi mwaka 1933, alisimulia jinsi kijana akiwa daktari alivyomzalisha mama mmoja katika mtaa maskini wa London. Alimpa klorofomu, mama akaikataa, akajifungua kwa utulivu. Daktari akaanza kuwaza kwamba hofu hukaza misuli, misuli iliyokaza huongeza maumivu, na maumivu huongeza hofu. Mzunguko huo ni wa kweli. Ila yeye alikwenda mbali mno, kana kwamba asiye na hofu hataumia. Mimi nimezaa watatu. Leba inauma.

Lakini mama anayekuja wodini na picha moja tu, ile aliyosimuliwa na shangazi kuhusu jirani aliyechanika, huyo huumia mara mbili. Kwa hiyo wakati wa kliniki, nikipata nafasi, huwauliza wajawazito kama wamewahi kutazama ua la boga asubuhi na mapema, linavyofunguka polepole, halivutwi na mtu. Uchungu ukija, nawaambia, angalia ua. Ukipita, pumzika, funga. Baadhi yao wamenilaani na ua langu wakiwa kitandani, na baada ya saa moja wakaomba radhi wakiwa na mtoto kifuani.

Kwa ndoto za kutisha ushahidi ni mzuri zaidi. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao na wanawake 168 wa New Mexico, Marekani, waliowahi kudhulumiwa kijinsia na ambao ndoto mbaya zilikuwa zikiwarudia. Nusu yao walifundishwa katika vikao vitatu kuchukua ndoto moja, kuibadilisha wapendavyo wakiwa macho, kisha kuirudia ile mpya akilini kila siku. Wengine walingoja. Wale waliofundishwa walipungukiwa na jinamizi na usingizi wao ukawa bora. Walishauriwa wasianze na ndoto iliyo kali kuliko zote, na huo ni ushauri wa kushika.

Nililitumia hilo kwa jirani yangu aliyenusurika katika ajali ya basi. Miezi mingi baadaye alikuwa bado anapinduka nalo kila usiku, na watoto wake waliacha kulala naye kwa sababu ya makelele. Tulianza na ndoto nyingine ndogo aliyokuwa nayo, ya kupoteza tiketi. Wiki ya tatu ndipo tukaligusa basi. Mwisho aliouchagua yeye ni kwamba dereva anapunguza mwendo, basi linasimama penye wauza mahindi ya kuchoma, na yeye anashuka kununua. Kila jioni alilisimamisha basi. Ndoto haikuisha siku moja, ila ilianza kukatikakatika, na usiku mmoja, alisema, alisikia harufu ya mahindi.

Pale nilipokasirika

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya niandike makala hii kuliko hayo yote.

Kuna mama alikuwa na uvimbe kwenye titi, mdogo, uliogunduliwa mapema. Alipewa tarehe ya upasuaji. Kabla ya tarehe alihudhuria mafundisho ya mtu mmoja aliyekuwa akipita mjini, akaambiwa kwamba akiuona uvimbe wake ukiyeyuka kama samli juani, kila siku bila shaka moyoni, utayeyuka. Na kwamba kwenda hospitali ni kukiri kushindwa. Alifanya hivyo kwa uaminifu kwa miezi kumi na moja. Alipofika kwetu titi lilikuwa limepasuka. Nilikuwa namsafisha kidonda kile kila asubuhi, naye alikuwa akiniuliza kama ni yeye hakuona vizuri. Alikufa akiwa na watoto wanne, akidhani kosa ni lake.

Chanzo cha mafundisho ya namna hiyo chaweza kufuatiliwa. Miaka ya 1970 daktari wa mionzi wa Marekani, Carl Simonton, aliwafundisha wagonjwa wake wa saratani kuziona chembe nyeupe za damu zikiishambulia saratani, na mwaka 1978 yeye, Stephanie Matthews-Simonton na mwenzao walitoa kitabu kilichosomwa sana. Angalau Simonton aliwataka wagonjwa waendelee na matibabu. Wengi waliomwiga waliliacha hilo. Na tangu wakati huo haijathibitishwa kwamba picha akilini huyeyusha saratani. Kinachoonekana ni kwamba zinapunguza wasiwasi, zinawasaidia baadhi ya wagonjwa na kichefuchefu, na kuwapa la kufanya katika saa ndefu za dripu. Hayo si madogo. Lakini uvimbe wa titi unangoja kisu, mionzi na dawa, nao haungoji muda mrefu.

Hatari ya pili haisemwi sana. Picha inayokujia ukifumba macho inakueleza habari zako. Si ushahidi juu ya mtu mwingine. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walichapisha jaribio ambamo watu wazima 24 walisimuliwa habari ya uongo kwamba walipokuwa wadogo walipotea dukani. Karibu robo yao wakaanza kuikumbuka, baadhi hata kwa mapambo yake. Akili hupaka rangi pale palipo patupu. Basi ukifumba macho ukamwona mama mkwe wako amesimama mlangoni na kitu mkononi, umejifunza kwamba unamwogopa. Hujajifunza kwamba amekuroga. Katika nchi yetu bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni, na mengi ya mauaji hayo yalianza na mtu kuona kitu kichwani mwake.

Na kama unasikia sauti zisizoonekana, au picha zinakujia bila kuitwa na hazikuachi, zoezi hili si lako kwa sasa. Nenda kliniki ya afya ya akili. Vilevile kama uliumizwa vibaya utotoni au ndani ya ndoa, usiufungue mlango huo peke yako usiku.

Na asiyeona kitu?

Kila nikifundisha jambo hili yupo mama mmoja nyuma anayenyosha mkono na kusema haoni chochote, ni giza tu, na anadhani wenzake wanamdanganya. Hawamdanganyi, naye hana kasoro. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliandika juu ya watu aliowataka wawaze meza yao ya chai ya asubuhi. Wengine waliiona kama iko mbele yao, wengine hawakuona lolote na wakashangaa kwamba kuna wanaoona. Mwaka 2015 Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake waliipa hali hiyo jina, na kwa makadirio inawahusu mtu mmoja hadi wanne katika kila mia.

Mama mkwe wangu ni mmoja wao. Magoti yanamsumbua, na usiku mmoja alipokuwa kwetu nilijaribu kumpeleka mahali pa utulivu. Alifumba macho kwa utii, akangoja, akayafumbua. “Mwanangu, mimi sioni kitu,” akasema. “Ila nasikia.”

Nikamwuliza anasikia nini.

“Mchi. Mama yangu anatwanga, alfajiri. Na sisi bado tumelala.”

Nilimwambia inatosha. Akafumba macho tena.